Lumbesa ya Wino

Printa ilikuja kwa bei ya kutupa.
Lusekelo aliibeba kutoka Mwanjelwa, kaifunika koti lake mvua isiiguse,
akaingia anacheka: Mama, tumeokota!
Nikacheka naye.
Anayekupa ng'ombe bure,
muulize kwanza nyasi anauza nani.

Gunia moja la viazi, na kilemba chake juu,
lililipa katriji nyeusi.
Gunia la pili likalipa zile tatu za rangi.
Sikuziomba. Zilikuwa na kiti chao humo ndani,
na kiti kikiwa wazi mashine haisemi na mtu.

Isyonje, mwezi wa sita. Baridi imeingia hadi kwenye kucha.
Umeme upo. Karatasi zipo. Barua iko tayari:
KWA MTENDAJI WA KATA. YAH: UJAZO WA MAGUNIA.
Watu thelathini na wawili wanangoja kutia sahihi,
Ambokile kashika kalamu tangu saa mbili.
Nabonyeza.
Inakohoa, inajikuna tumboni, inavuta karatasi nusu,
halafu taa:
njano imeisha.

Njano!
Barua yangu haina ua wala kiini cha yai.
Ni herufi nyeusi kama masizi ya jiko langu,
na nyeusi imo, nimeilipia.
Huyu ni mpishi anayegoma kuchemsha maji
kwa kuwa nyumbani hakuna bizari.

Na nani kaila hiyo njano?
Lusekelo anasema inajisafisha kila ikiwashwa,
inanawa mdomo kwa wino.
Sisi huku tunanawa kwa maji, tena ya baridi.

Nikateremka kwa Sanga, fundi.
Akaigeuza ile katriji kama mtu anayekagua jino la mbuzi.
Naweza kuidunga sindano, alisema,
lakini mashine ina kumbukumbu, itaikana.
Mpya ina kiasi gani ndani? nikamuuliza.
Mililita nane.
Nane! Dawa ya kikohozi ya mtoto ni mia.
Alitazama pembeni, akapangusa meza
ambayo haikuwa na vumbi.

Jioni nikaitundika kwenye mizani ya viazi.
Mshale haukutikisika.
Nikatundika na ile nyeusi yenye wino.
Sifuri ileile.
Nikamkumbuka mnunuzi wetu, yule wa lori la bluu,
anayepiga gunia teke na kusema bado, ongeza,
ongeza mpaka kamba zilie,
viazi vikae juu ya mdomo wa gunia kama watu wa mbio
waliokosa nafasi ndani.
Nani atanipeleka kwa mwenye wino
nami nipige teke, niseme bado?

Barua niliiandika kwa mkono.
Peni ya Lusekelo, kisogo kimetafunwa.
Nakala nne, kidole cha kati kikavimba.
Ambokile akasoma, akasema mistari yangu inapanda kilima;
nikamjibu na sisi tunaishi wapi?
Wakasaini mmoja mmoja, kwa taa ya chemli, maana umeme nao ulishakatika.

Wakabaki wawili wasiojua kuandika,
Bibi Tumpe na mzee Mwaipopo,
na kidau cha mhuri kilikuwa kimekauka tangu uchaguzi wa kikundi.
Lusekelo akachukua nyundo ya kupondea karanga.
Ile katriji tupu, iliyoisha, iliyotugomea wiki nzima,
akaipasua juu ya sahani.

Ndani kulikuwa na sifongo.
Sifongo ilikuwa imelowa.

Bibi Tumpe alikandamiza dole gumba, akalihamishia kwenye karatasi
polepole, kama anayelaza mtoto.
Mtendaji akiuliza, mwambieni ndiyo,
chini kabisa, baada ya majina yote,
madole mawili ya njano.
Na sahani yangu, nimeisugua kwa majivu mara tatu,
mpaka leo haijatoka.